Wasomaji wanauliza: vigoga, jeni zake na ukuta wa kisima

Toleo lililopita tulichapa makala fupi juu ya wataalamu wa mimea wanaofuatilia mageuko ya vigoga (mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia penye unyevu) kwa kusoma jenomu, yaani maandishi yote ya DNA yaliyomo ndani ya seli. Barua zilizorudi zilitoka mkoa wa Tanga kwa wingi kuliko tulivyotazamia, na baadhi zina maswali magumu kuliko makala yenyewe. Tumechagua saba. Na kwa msomaji wa Makorora aliyeona kichwa cha habari akanunua gazeti akidhani tumewaandika vigogo wa mjini: pole sana, ni vigoga.

Ukuta wa kisima chetu umeota kitu cha kijani kama zulia. Mama anasema ni kuvu, fundi anasema ni koga, mtoto karudi shule anasema ni mwani. Nani kasema kweli? Na je, kinakula ukuta? Nyumba ni ya mawe, ya zamani.
*Mama Salha, Ngamiani*

Fundi hajakosea, ila koga ni jina la kila kinachoota penye unyevu, kwa hiyo halitusaidii kutofautisha. Bandua kipande cha ukubwa wa ukucha, kiache kivulini kikauke mpaka kijikunje, kisha kidondoshee tone la maji huku ukikitazama kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Ukiona vijani vidogo vinakunjuka, vimepangana kuzunguka kijishina, hicho ni kigoga. Mwani hauna majani wala shina. Ukiusugua kati ya vidole huteleza kama sabuni. Kuvu hazina umbijani, ile rangi ya kijani ya mimea. Zile zenye rangi ya kijani, kama ukungu wa mkate, rangi yake ni unga wa spora (chembe za uzazi), ukipuliza unapeperuka. Na lile bamba la kijivu au la chungwa lililoganda juu ya jiwe kama rangi iliyomwagika ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi nyumba moja.

Kula ukuta, hapana. Kigoga hakina mizizi ya kunyonya. Kina vinyuzi vyembamba vya kujishikiza tu, na maji pamoja na chumvi zake huingia kupitia majani, ambayo kwa spishi nyingi yana unene wa seli moja. Kinachoumiza ukuta ni unyevu ambao zulia hilo linaushikilia, na unyevu huo umetoka mahali fulani. Anza hapo: mfereji ulioziba, bomba linalovuja, udongo uliorundikwa kwenye msingi, au ndoo inayomwagikia upande mmoja kila asubuhi. Kigoga kikishakauka kikwangue kwa brashi ya nyuzi ngumu, isiyo ya chuma. Penye plasta iliyobanduka, rudishia chokaa na mchanga. Saruji juu ya mawe ya matumbawe ni kosa linalorudiwa kila mtaa wa zamani: haipumui, maji yanafungiwa ndani, chumvi inasukumwa nje, na baada ya muda plasta inaachia kama gamba, tena na vipande vya jiwe. Dawa ya klorini hukiua kigoga kweli, lakini maadamu maji yapo kitarudi, na klorini kwenye kisima cha kutekea maji si jambo la kufanya kwa kukisia.

Hivyo vinyuzi vya kujishikiza, kwa njia, ndivyo vilivyowapa wataalamu moja ya majibu mazuri kabisa ya fani hii. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba jeni za ukoo wa RSL zinazoamuru vinyuzi vya kigoga ni ndugu wa jeni zinazoamuru nywele za mizizi katika mimea inayochanua. Jeni ya kigoga ilipowekwa ndani ya Arabidopsis, mmea mdogo wa maua unaotumika sana maabara, ambao nywele zake za mizizi zilikuwa zimepotea kwa hitilafu ya jeni, nywele ziliota tena. Kigoga hakina mzizi, lakini amri ya kuotesha unywele kinayo tangu zamani sana.

Tulifundishwa skauti kwamba kigoga huota upande wa kaskazini wa mti. Ni kweli huku kwetu?
*Kijana wa Raskazone*

Hapana. Hiyo ni kanuni ya nchi za mbali kaskazini, ambako jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Tanga iko kwenye latitudo ya nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi mpaka mapema Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini yako, miezi iliyobaki liko kusini. Kigoga kitaota upande unaopitisha maji ya mvua ya shina na usiopigwa na upepo mkavu. Ukipotea msituni, fuata mto.

Je, vigoga ndio mababu wa miti? Kitabu changu cha shule kinaonyesha ngazi: mwani, kigoga, jimbi, mti.
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Korogwe*

Ifute hiyo ngazi. Kigoga cha leo ni ndugu wa mti wa leo, wala si babu yake. Wote wawili wametoka kwa babu mmoja aliyepanda nchi kavu miaka takriban milioni 470 iliyopita, na kila upande umeendelea kubadilika kwa muda ule ule. Jamaa wa karibu zaidi walio hai wa mimea yote ya nchi kavu ni mwani wa maji baridi wa kundi la Zygnematophyceae, nyuzi za kijani unazoziona kwenye vidimbwi vya maji yaliyotulia.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya makundi matatu: vigoga vyenyewe, ndugu zake wenye umbo la ini kama Marchantia, na wale wenye pembe kama Anthoceros. Je, ni ukoo mmoja, au ni matawi matatu yaliyochipuka kwa zamu? Kwa kutazama umbo pekee hoja zilikwenda huku na huku. Data ya jeni imeelemea upande wa ukoo mmoja. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa jeni za spishi 1,124 za mimea na mwani, na mti wa ukoo uliotokea unayaweka makundi hayo matatu pamoja, huku majimbi na mimea ya mbegu ikiwa upande wa pili.

Matokeo yake si madogo. Chukua vinyweleo, yale matundu ya kupumulia. Vigoga vingi na wale wa pembe vinavyo, kwenye vikasha vya spora. Wale wa ini hawana kabisa. Ukiamini ngazi, utasema wa ini ni wa kale zaidi, bado hawajavumbua tundu. Ukiamini mti wa ukoo, jibu linageuka: babu alikuwa nayo, wa ini wameyapoteza. Jenomu zao zinaunga mkono hilo, kwani jeni kadhaa za kutengeneza vinyweleo hazipo tena kwao. Mmea kuwa sahili hakuna maana ya kuwa wa kale. Mara nyingi ni mmea uliopunguza mizigo njiani.

Kwa nini watafiti wasisome jenomu ya mkonge au mnazi, vitu vya faida kwa Tanga, wakaenda kwenye kigoga?
*Mwanachuo, Tanga mjini*

Mkonge na mnazi vinasomwa, na kazi hiyo haijasimamishwa na kigoga. Ila kigoga kina sifa moja inayokifanya kiwe chepesi kuulizwa maswali, nayo ni hii: mwili wake wa kijani una seti moja tu ya kromosomu, yale mafungu yanayobeba DNA.

Wewe una seti mbili, ya baba na ya mama. Mnazi hali kadhalika. Jeni moja ikiharibika, nakala ya pili huficha hasara, na mtafiti analazimika kupandisha vizazi viwili ili aone kasoro. Kwa mnazi, vizazi viwili ni miaka mingi. Kigoga hakina nakala ya kujifichia. Haribu jeni leo, na mmea unaoota kutoka kwenye seli hiyo utakuonyesha kasoro wiki chache baadaye.

Mfano unaotumika zaidi duniani ni Physcomitrium patens, ambacho vitabu vingi bado vinakiita Physcomitrella. Mstari wake wa maabara, Gransden, umetokana na spora moja ya mmea uliochumwa na Harold Whitehouse mwaka 1962 katika Gransden Wood, Uingereza. Mwaka 1997 ikathibitishwa kwamba kigoga hiki kina tabia adimu kwa mimea: ukikipa kipande cha DNA ambacho ncha zake zinafanana na mahali fulani kwenye kromosomu, kinakipachika pale pale mara nyingi sana. Mimea mingi hupachika popote, ukaishia kubahatisha. Siku hizi mkasi wa CRISPR, zana ya kukata DNA mahali unapotaka, umepunguza upekee huo, lakini kwa miaka mingi kigoga hiki kilikuwa karibu peke yake kwa kazi ya kubadilisha jeni moja bila kugusa jirani.

Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2008, ya kwanza kwa ukoo huu mzima. Ina herufi karibu milioni 500, kromosomu 27, na hesabu ya wakati ule iliipa jeni karibu 36,000. Binadamu tuna karibu 20,000. Usishtuke: idadi hiyo haipimi akili. Sehemu kubwa ya jeni hizo ni nakala za nakala. Toleo lililopangwa kromosomu kwa kromosomu, mwaka 2018, lilionyesha kwamba babu wa kigoga hiki alikuwa na kromosomu 7 tu, jenomu nzima ikajirudufu mara mbili kwa nyakati tofauti, kisha nyingine zikaungana au kuvunjika mpaka zikafika 27. Linganisha na Marchantia polymorpha, iliyochapishwa mwaka 2017: haina alama ya kujirudufu kwa namna hiyo, na ina jeni kama 19,000. Ndiyo maana anayetaka kujua jeni fulani inafanya nini hasa huanza na Marchantia, ambako mara nyingi kuna moja badala ya tano zinazosaidiana.

Zipo jeni ambazo kwenye kigoga zinakufanya ufikirie upya zile za maua. Jeni ya LEAFY katika mimea inayochanua huamuru chipukizi ligeuke ua. Kigoga hakina ua, na bado LEAFY anayo. Kazi yake huko ni kuruhusu seli ya kwanza baada ya utungisho igawanyike. Jeni ya KNOX2 nayo ni mlinzi wa zamu: mwaka 2013 watafiti waliiondoa, na sehemu yenye seti mbili, ambayo ingepaswa kuwa kikasha cha spora, ikaota ikawa mmea wa kijani wenye majani, kana kwamba imesahau iko awamu gani. Kwa maoni yetu hilo ndilo jaribio moja linalostahili kuwekwa kwenye kila kitabu cha kidato cha tano kinachofundisha mzunguko wa maisha ya mimea.

Hata jinsia ina mambo yake. Kwa kigoga kingine, Ceratodon purpureus, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2021, mmea wa kike una kromosomu ya U na wa kiume ana V. Hakuna XX wala XY, kwa sababu hakuna seti mbili za kuchanganya. Kikasha kimoja hutoa spora za kike na za kiume karibu nusu kwa nusu, na U na V ni kubwa sana: peke yake kila moja hufikia karibu theluthi ya jenomu.

Naomba utaratibu wa kuotesha kigoga darasani kutoka kwenye spora, bila vifaa vya maabara. Nimejaribu mara mbili, nikapata kuvu tu.
*Mwalimu wa baiolojia, Muheza*

Mwalimu, kuvu yako ilitoka karibu hakika kwenye maganda ya vikasha au kwenye maji. Fanya hivi.

Tafuta kigoga chenye vijiti vilivyobeba vikasha. Funaria hygrometrica hupenda udongo uliowahi kuchomwa moto, kwa hiyo chungulia penye matanuri ya mkaa ya zamani, lakini kigoga chochote cha ukutani chenye vikasha kitafaa. Chukua vikasha 5 au 6 vilivyogeuka rangi ya kahawia na ambavyo bado vina kifuniko chake. Cha kijani hakijaiva. Kilichofunguka kimeshamwaga spora na kuingiza spora za kuvu badala yake.

Vunja kipande cha tofali la kuchoma, kama nusu kiganja, ukichemshe dakika 20. Kiweke ndani ya bakuli la kioo au la plastiki angavu, mimina maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka nusu ya kimo cha tofali. Tofali litavuta maji lenyewe hadi juu. Chovya kila kikasha kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kijiko kimoja cha chai cha dawa kwa vijiko 20 vya maji, dakika mbili si zaidi, kisha kisuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Kipasue kwa sindano ndani ya kijiko chenye maji safi: utaona vumbi la kijani au la kahawia linasambaa. Tupa ganda. Hapo ndipo wengi hukosea, wanaacha ganda lielee, na ganda ni chakula cha kuvu. Dondoshea maji hayo yenye spora juu ya tofali kwa bomba safi la sindano, funika kwa kioo.

Weka karibu na dirisha lenye mwanga, jua lisiliguse bakuli kabisa. Kioo kilichofunikwa kikipigwa jua la saa nane mchana, spora zinaiva kama mayai. Joto linalofaa ni nyuzi 20 hadi 25. Kwa Muheza, wakati mzuri ni Juni mpaka Agosti, kusi likivuma. Kipindi cha kaskazi utahitaji kuliweka bakuli ndani ya karai lenye maji ya kina cha vidole viwili, sakafuni, upande wa nyumba usiopata jua la mchana.

Baada ya wiki moja au mbili, tofali litapata rangi ya kijani hafifu. Kwangua kidogo, weka chini ya hadubini ya shule kwa ukuzaji wa mara 100: ni nyuzi, si majani. Hiyo ndiyo protonema, na wanafunzi wengi wataapa kwamba ni mwani. Waonyeshe tofauti kwa ukuzaji wa mara 400. Nyuzi za awali zina seli fupi zilizojaa kloroplasti, na kuta kati ya seli zimekatwa wima. Baadaye hutokea nyuzi ndefu zinazokimbia pembeni, kloroplasti chache, na kuta zake zimekatwa mshazari. Ukiona kuta za mshazari, hiyo ni kigoga bila ubishi. Machipukizi yenye majani hutokea juu ya nyuzi hizi, wiki ya nne hadi ya nane.

Yakienda mrama, soma dalili. Utando mweupe kama wa buibui ni kuvu: kitoe kipande chenye utando pamoja na pembeni yake, usikipulize. Utelezi wa kijani kibichi ni mwani, na maana yake maji hayakuchemshwa. Nyuzi zikigeuka kahawia kwa mpigo, ni jua, au ni klorini iliyobaki. Na tafadhali usitie mbolea. Punje chache za NPK kwenye bakuli dogo ni chumvi nyingi mno kwa mmea wenye seli moja ya unene.

Usitegemee vikasha vipya darasani. Mbegu ya kiume ya kigoga ina mikia miwili na lazima iogelee kulifikia yai, kwa hiyo utalazimika kuloweka. Na hata hivyo spishi nyingi zinataka baridi. Maabara huishusha Physcomitrium hadi nyuzi 15 au 17 na kuipa mwanga saa 8 tu kwa siku ndipo itunge. Muheza haina jokofu la namna hiyo. Vikasha waonyeshe vya porini.

Kama spora zimekushinda kabisa, kuna njia ya mkato inayofanya kazi: kata vijani vya kigoga kibichi vipande vya milimita moja, visambaze juu ya tofali lile lile. Seli za jani hurudi kuwa protonema zenyewe. Maabara nazo huendeleza kigoga kwa namna hiyo, kwa kukisaga na kukitandaza upya kila wiki juu ya agari (rojo lililoganda la kuoteshea) ya gramu 7 hadi 8 kwa lita.

Kuna ukweli kwamba vigoga vya Amani ndivyo vinavyoleta maji Tanga mjini?
*Msomaji, Chumbageni*

Kuna ukweli wa kiasi. Maji ya mji yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Sigi, na Sigi huanzia milima ya Usambara Mashariki, iliko Amani. Vigoga haviongezi mvua. Kazi yake ni kuishika na kuiachia polepole, na penye ukungu kukamata matone ambayo yasingeanguka.

Vipimo vinavyotajwa zaidi kwa Tanzania si vya Usambara, ni vya Uluguru. Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungaria aliyefundisha Morogoro, alichapisha mwaka 1980 kwamba msitu mfupi wa ukungu kwenye mita 2,100 hivi ulibeba takriban tani 14 kavu kwa hekta za mimea iotayo juu ya miti pamoja na mboji yake, ilhali msitu wa mita 1,400 hivi ulibeba kama tani 2. Ule wa juu uliweza kushika hadi lita 50,000 kwa hekta kwa mvua moja, sawa na milimita 5 za mvua. Amani iko kwenye mita 900 hivi, kwa hiyo anayechukua namba ya kileleni Uluguru na kuibandika Amani anadanganya kwa nia njema.

Na kwa nini Chumbageni hakuna vigoga vya kutosha, wakati Tanga inapata mvua? Lawama iko usiku. Kigoga hupumua usiku kama mmea wowote, na usiku wa joto hukifanya kitumie sukari kwa kasi. Asubuhi kinahitaji kuwa na maji ili kirudishe deni kwa usanisinuru, lakini pwani jua linakikausha mapema kabla hakijalipa. Mlimani usiku ni baridi, asubuhi ni ya ukungu, hesabu inakaa sawa.

Nimeajiriwa kumsaidia mtafiti kukusanya vigoga kwa ajili ya DNA milimani. Safari ya kwanza niliweka kwenye mifuko ya plastiki, vikaoza vyote. Nifanyeje?
*Kijana wa Amani*

Kwanza karatasi za ruhusa, kabla ya karatasi za kufungia. Msitu wa hifadhi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hakikisha mtafiti anavyo, nawe tembea na nakala yake. Sampuli zikienda maabara ya nje, makubaliano ya maandishi ya kuhamisha vinasaba yawe yamesainiwa kabla hazijaondoka.

Sasa, plastiki. Kigoga kibichi ndani ya plastiki kinatoa jasho, kinakosa mwanga, na kuvu inashinda ndani ya siku mbili tatu. Tumia bahasha za karatasi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu inatoa bahasha ya ukubwa wa kiganja bila gundi. Chukua kiasi cha nusu kiganja, usikombe zulia lote, na usichanganye mashina ya mahali pawili hata kama yanafanana: kwenye gogo moja zinaweza kukaa spishi kadhaa zimefumana. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu unayeyuka bahasha ikilowa. Namba, tarehe, namba za mahali kutoka kwenye GPS, mwinuko, kimeota juu ya nini (gome la mti gani, jiwe, udongo, jani), na kivuli au jua. Andika pale pale. Bahasha kumi zisizo na maandishi jioni zote zinafanana.

Zikaushe kivulini, penye upepo, bahasha zikiwa zimesimama na midomo wazi. Sio juani, wala juu ya jiko. Mlimani wakati wa masika hazitakauka zenyewe. Ziweke kwenye sanduku lenye silika jeli (punje za kufyonza unyevu), ukiibadilisha inapogeuka rangi. Vigoga vingi hustahimili kukauka, ndiyo faida yake juu ya mimea mingine: DNA inabaki ya kutosha kutambua spishi.

Kazi inayoamua yote inafanyika mezani, kabla ya kemikali. Kilowekwe kigoga kwa maji safi, kiwe chini ya hadubini ya kukuzia mara 20 hivi, na uchague kwa koleo ncha za kijani tu. Sehemu ya chini ya kahawia ina minyoo midogo, mwani, bakteria na nyuzi za kuvu, na mashine ya kusoma DNA haichagui, inasoma kila ilichopewa. Watu wamewahi kutangaza jeni za ajabu ndani ya jenomu, kumbe ni za bakteria aliyeng'ang'ania jani. Na vikasha pamoja na vijiti vyake viondoe vyote. Kikasha kina seti mbili za kromosomu, nyingine ya baba ambaye hukumkusanya. Ukikiacha, ule urahisi wa seti moja umeutupa mwenyewe.

Miligramu 20 hadi 50 za ncha kavu zinatosha kwa kutoa DNA kwa njia ya CTAB (kemikali ya aina ya sabuni inayofungua seli), inayotumiwa na maabara nyingi: nyenzo isagwe iwe unga, bafa ya CTAB asilimia 2 yenye chumvi ya 1.4 molari na PVP (ya kunasa fenoli), nyuzi 60 hadi 65 kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha klorofomu, isopropanoli, na kusuuza kwa ethanoli ya asilimia 70. Hilo atafanya mtafiti, lakini ujue makosa ya shambani yanavyoonekana kwake. Tonge la kahawia mwishoni ni fenoli, kemikali za mmea zinazochafua DNA, mara nyingi kwa sababu sampuli ilikauka polepole mno. Tonge la ute ni sukari ndefu za ukuta wa seli. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 ukikaribia 1.8, mambo ni mazuri, DNA ni safi.

Uliza pia ni aina gani ya usomaji anaoutaka. Kama ni kutambua spishi kwa kipande kifupi cha DNA kama rbcL au trnL, bahasha kavu inatosha. Kama ni jenomu nzima kwa mashine za kusoma nyuzi ndefu, DNA ya sampuli kavu imeshakatika vipande vifupi, na anahitaji kigoga hai. Hapo utakibeba kibichi, kimekamuliwa maji, ndani ya kopo lenye matundu na karatasi ya shashi yenye unyevu kidogo, ndani ya boksi la baridi, kopo lisigusane na barafu, na kifike maabara ndani ya siku chache.

Kila namba iwe na bahasha mbili kutoka zulia lile lile: moja ya kusagwa, nyingine isiguswe, iende kwenye mkusanyo wa mimea mikavu, kwa mfano ule wa Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ijayo mtu akisema jina la spishi lilikosewa, bahasha hiyo ya pili ndiyo itakayofunguliwa.